HURUMA NA STARA
Maneno ya hotuba juu ya fasihi na matangazo ya kuomba sadaka

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Jambo linaloletwa mbele yenu ni dogo kwa umbo, lakini ni zito likishikwa mkononi. Kila mwaka, mwezi wa Ramadhani unapokaribia, kamati za misikiti na vyama vya Waislamu hukaa kupanga namna ya kuomba michango kwa ajili ya wajane, mayatima na wagonjwa. Katika vikao hivyo aghalabu huzuka rai mbili. Wenye rai ya kwanza husema: apigwe picha mjane pamoja na wanawe, picha ibandikwe mlangoni na ipelekwe kwa simu, watu waone, wasikitike, watoe. Wenye rai ya pili huinamisha vichwa wakasema: mjane huyo ni jirani, kesho atapita sokoni, na kila atakayekutana naye atamjua kwa njaa yake kabla hajamjua kwa jina lake.

Wa kwanza si watu wabaya, wala wa pili si wavivu. Wote wanataka chakula kifike. Ikhtilafu yao ni juu ya njia ya kuugusa moyo wa mwanadamu, na kuugusa moyo kwa maneno ndiyo kazi ya fasihi tangu ulimwengu ulipojua kusimulia. Kwa hiyo si ajabu kulipima tangazo la sadaka kwa mizani ile ile inayopimiwa utenzi na hadithi. Yapasa kuulizwa: Maudhui yake ni nini? Ni nani anayesema, na ni nani aliyenyamazishwa? Moyo unaguswa kwa kitu gani, na baada ya kuguswa unapelekwa wapi?

Waislamu wa Kigali si wageni wa mizani hiyo. Mji huu uliasisiwa mwaka 1907, katika siku za Wajerumani, na pamoja nao walikuja wafanyabiashara na askari waliokuwa wakisema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo, ulijengwa mwaka 1913. Chama cha Waislamu wa Rwanda, kilichojulikana kwa jina la AMUR, kiliundwa mwaka 1964. Katika Biryogo na Nyamirambo Kiswahili kilidumu vizazi kwa vizazi kikiwa lugha ya soko na lugha ya darasa, hata mwaka 2017 kikafanywa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Lugha hiyo haikuja mikono mitupu. Ilikuja na hazina ya tenzi na hadithi, na ndani ya hazina hiyo mna mafunzo juu ya huruma ambayo mwandishi wa tangazo hana budi kuyajua.

Na uanze mfano wa kwanza. Katika visiwa vya Lamu, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi uitwao Al-Inkishafi. Maudhui yake ni ubatili wa dunia. Mshairi angeweza kusema kwa neno moja kwamba dunia hupita, na msomaji angeitikia kwa kichwa na kurudi kwenye biashara yake. Hakufanya hivyo. Alimshika msomaji mkono akamtembeza katika majumba ya matajiri wa Pate, akamwonyesha fahari iliyokuwamo, kisha akamwonyesha majumba hayo hayo yakiwa magofu. Hisia inayozaliwa hapo haikulazimishwa. Imetoka katika kitu kilichoonwa kwa jicho la akili.

Lakini liko jambo jingine katika utenzi huo, nalo ndilo lenye faida kubwa kwa leo. Mshairi haambii watu wengine. Anauambia moyo wake mwenyewe. Anauonya, anaukemea, anaubembeleza. Msomaji anayesikiliza ni kama mtu aliyepita dirishani akamsikia mwenzake akijihesabu nafsi, naye akaona haya kwa ajili ya nafsi yake. Wala wale matajiri wa Pate hawakutiwa katika utenzi ili wachekwe. Wametiwa kwa kuwa mwisho wao ni mwisho wa kila mtu. Huo ni ushawishi wenye adabu: mwenye kushawishi ameanza na nafsi yake, na mwenye kusimuliwa hakuvunjiwa heshima.

Mfano wa pili unatoka kwa Shaaban Robert wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962. Katika kitabu chake Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, msomaji anakutana na liwali mwema ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili. Jambo hili linamchoma msomaji. Anawahurumia manyani, anamchukia mpigaji, na lau kitabu kingekwisha hapo angeapa kwamba liwali ni dhalimu. Lakini kitabu hakikuishia hapo. Kurasa zinaendelea, na msomaji anajua kwamba manyani wale ni ndugu wa liwali, Hasidi na Mwivu, waliomtendea maovu kwa ajili ya wivu wakageuzwa umbo. Na kwamba liwali anawapiga kwa kulazimishwa na amri ya jini, huku moyo wake unauma. Sasa huruma ya msomaji imegawanyika, imepata akili. Mwisho ndugu wale wanasamehewa na kurudi katika ubinadamu, na msomaji anafurahi kwa furaha iliyo safi, kwa kuwa amejua lote alilopasa kujua.

Hapa ndipo penye tofauti kati ya kitabu na tangazo. Kitabu kina ukurasa wa pili. Kikikuchoma katika ukurasa wa kwanza, kinakupa nafasi ya kuuliza kwa nini, na kinakujibu. Tangazo la sadaka halina ukurasa wa pili. Lina picha moja, maneno machache, na mahali pa kutia fedha. Linamkamata mpita njia katika ukurasa wa kwanza wa huruma yake, na kabla hajafikiri mkono wake umo mfukoni. Hiyo ndiyo nguvu yake, na hiyo ndiyo hatari yake.

Yasemwe kwanza ya nguvu, maana haifai kuidharau. Mwezi wa Oktoba 1984 Mohamed Amin, mpiga picha Muislamu mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem katika nchi ya Uhabeshi pamoja na mtangazaji Michael Buerk. Waliyoyaona yalionyeshwa na BBC tarehe 23 ya mwezi ule: umati wa watu waliokonda katika baridi ya alfajiri, wakifa kwa njaa mmoja baada ya mmoja. Picha zile zikazunguka dunia. Wanamuziki wa Uingereza walitoa wimbo kabla mwaka haujaisha, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanywa tamasha kubwa siku moja katika London na Philadelphia, watu wa mataifa mengi wakitazama na kuchanga. Walikuwapo waliopona kwa chakula kilichonunuliwa kwa fedha zile. Mtu asiyekubali hilo ameikosea haki kazi ya Mohamed Amin, ambaye alipiga picha iliyokuwa kweli, na ambaye alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Visiwa vya Ngazija.

Lakini tangazo lililojengwa juu ya picha ile lilisema nini? Lilisema kuna ukame. Ni kweli, ukame ulikuwapo. Halikusema sana juu ya vita vilivyokuwa vikipiganwa Tigray na Eritrea, wala juu ya siasa za serikali ya wakati ule zilizoizidisha njaa. Na ule wimbo uliuliza kana kwamba watu wa huko hawajui Krismasi ni nini, ilhali Uhabeshi ni nchi iliyopokea dini ya Nabii Isa tangu karne ya nne. Muislamu naye ana kumbukumbu yake juu ya nchi ile: ndiko alikokuwako Najashi, mfalme aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza walipoukimbia udhia wa Makka. Taifa lililowahi kuwahifadhi wakimbizi, lenye wafalme, maandishi na ibada za miaka mingi, likasimamishwa mbele ya dunia likiwa halina kitu ila mikono iliyonyoshwa. Vyama vya misaada vya Ulaya vyenyewe vililiona kosa hili, na mwaka 1989 vikapitisha kanuni juu ya picha na ujumbe, vikitaka ukweli na heshima ya watu vichungwe.

Mfano wa pili wa hatari hauko mbali. Uko hapa, na ni mzito kuusema. Mwezi wa Aprili 1994 yalianza Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda, waliouawa ni zaidi ya milioni moja katika muda wa siku mia. Damu ilikuwa ikimwagika bado, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaamua kupunguza askari wake waliokuwa nchini mpaka wabaki 270. Huruma ya dunia ililala. Kisha, katikati ya Julai, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kwa siku chache wakaingia Goma. Kipindupindu kikawashukia, wakafa makumi ya maelfu. Hapo ndipo kamera zilipomiminika, ndege za misaada zikatua, na katika nchi za mbali watu wakatoa kwa machozi.

Je, machozi yale yalikuwa ya uongo? Hapana. Mtoto aliyekufa kwa kipindupindu Goma hakuwa na kosa lolote, na maji aliyopewa nduguye yalikuwa sadaka halali. Lakini picha haikumwambia mtoaji kwamba ndani ya umati ule walikuwamo pia waliouongoza uuaji, na kwamba wao ndio walioshika utawala wa makambi na ugawaji wa chakula. Wengi waliotazama walidhani wanaowaona ndio waliokimbia kuuawa. Mwezi wa Novemba 1994 tawi la Ufaransa la chama cha Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika makambi, likisema kwamba msaada unawatia nguvu wauaji. Hiyo ndiyo bei ya tangazo lisilo na ukurasa wa pili. Huruma iliyonyimwa habari yaweza kumshibisha aliyeua na kumsahau aliyeuawa, na mwenye kuitoa akalala usingizi mwema.

Itaulizwa: kwa nini basi watu huguswa na picha moja kuliko habari kamili? Wataalamu wa elimu ya nafsi katika Marekani waliijaribu nia hiyo, wakaitangaza mwaka 2007. Waliwapa watu maombi ya msaada. Kundi moja likasoma habari ya msichana mmoja wa Mali, mwenye miaka saba, aitwaye Rokia. Kundi jingine likasoma hesabu za mamilioni wenye njaa. Waliosoma habari za Rokia walitoa zaidi ya mara mbili kuliko waliosoma hesabu. Na waliopewa yote mawili, Rokia pamoja na hesabu, walitoa pungufu sana kuliko wale waliosoma ya Rokia peke yake. Maana yake ni kwamba moyo humjua mtu, haujui tarakimu; na akili ikiamshwa kuhesabu, mkono huwa mzito.

Msimuliaji wa hadithi analijua hilo bila ya kufanya majaribio. Ndiyo sababu hadithi njema huwa na mtu mmoja wa kufuatwa, mwenye jina na nyumba. Basi si kosa kusimulia habari za mtu mmoja. Kosa ni kumsimulia mtu mmoja kama kwamba njaa ndiyo nafsi yake yote.

Sasa yapasa kurejea Madina, maana huko kuna mfano wa ombi la sadaka lililo timamu kuliko yote. Imepokewa na Jarir bin Abdullah, katika Sahihi ya Muslim, kwamba asubuhi moja walikuja kwa Mtume (S.A.W.) watu walio wengi wao wa kabila la Mudhar. Walikuwa miguu mitupu, wamevaa nguo za sufu zilizotobolewa kwa kuingizia vichwa, na panga zao mabegani. Uso wa Mtume ukabadilika kwa kuiona dhiki yao. Akaingia ndani, akatoka, akamwamrisha Bilali akaadhini na kukimu. Akaswali, kisha akahutubu.

Wasikilizaji na wazingatie alivyohutubu. Dhiki ilikuwapo mbele ya macho ya watu; mwenye kutaka machozi angeanza kuihesabu, tobo kwa tobo. Mtume (S.A.W.) hakuanza na uchi wa wageni wale. Alianza na aya ya kwanza ya Sura ya An-Nisaa, inayokumbusha kwamba watu wote wameumbwa kutokana na nafsi moja, na inayoamrisha kuchunga ujamaa wa damu. Akaongeza aya ya 18 ya Sura ya Al-Hashri, inayomtaka kila mtu atazame ametanguliza nini kwa ajili ya kesho yake. Kisha ndipo alipoomba: atoe mtu katika dinari yake, katika dirhamu yake, katika nguo yake, katika ngano yake, katika tende zake, hata kama ni kipande cha tende.

Likichambuliwa ombi lile kama zinavyochambuliwa kazi za fasihi, maudhui yake yanaonekana wazi. Si unyonge wa maskini, ni udugu wa binadamu. Jicho la msikilizaji halikuelekezwa kwa mhitaji ili limchungulie, lilielekezwa ndani ya nafsi ya mtoaji, kama lilivyoelekezwa katika Al-Inkishafi. Na mlango wa kutoa ulifunguliwa mpana hata kwa mwenye kipande cha tende, ili asiwepo mtu wa kusimama pembeni akitazama tu. Na je, ombi lisilo na kilio lilileta nini? Alikuja mtu wa Ansari na mfuko uliokuwa ukiushinda mkono wake kwa uzito, watu wakafuatana, mpaka yakawa mafungu mawili ya vyakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa kwa furaha. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba adabu hupunguza mchango.

Qurani nayo imeweka mipaka. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, waumini wanakatazwa kuziharibu sadaka zao kwa masimbulizi na udhia. Masimbulizi si maneno ya mdomo tu. Picha ya mtu akipokea gunia la unga, huku mtoaji amesimama pembeni akitabasamu, ni masimbulizi yaliyochapwa; nayo hukaa katika simu za watu miaka mingi baada ya unga kuliwa. Katika aya ya 271 imebainishwa kwamba kudhihirisha sadaka ni jambo jema, na kuificha ni bora zaidi. Na katika aya ya 273 wanatajwa mafakiri ambao asiyewajua huwadhani ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Hutambulikana kwa alama zao, wala hawawaombi watu kwa kung'ang'ania. Aya hii imemtwika mtoaji kazi kubwa: yeye ndiye anayetakiwa awe na macho. Tangazo linalosubiri maskini apige kelele ndipo lisikie limegeuza kazi hiyo juu chini. Aliyejistahi amekosa, na aliyepiga kelele amepata.

Na umfikie sasa mfano wa nyumbani, uliobuniwa kwa ajili ya mafunzo. Yuko mama mjane, fundi wa kushona. Cherehani yake imeharibika, kodi ya nyumba imempita, watoto wawili wanasoma. Kamati yataka kumwombea. Tangazo la kwanza litasema: mtazameni mama huyu masikini, hana mume, hana chakula, watoto wake wanalia usiku, mwoneeni huruma kabla hawajafa. Na picha yake iko juu, kilemba kimelegea, macho yana machozi.

Tangazo la pili litasema: fundi mmoja wa mtaa huu, ambaye kwa miaka mingi amewashonea watoto wenu nguo za Idi, cherehani yake imeharibika na kazi imesimama. Inahitajika cherehani nyingine, pamoja na kodi ya miezi mitatu mpaka kazi ishike. Kamati imekwenda kwake na kuhakikisha. Jina lake linajulikana kwa watu wawili waaminifu, na hesabu itasomwa baada ya swala ya Ijumaa.

Matangazo yote mawili yanagusa moyo, na yote mawili yanasimulia habari ya mtu mmoja. Lakini la kwanza lina maudhui ya maangamizi; mama ndani yake hana jana wala kesho, ana leo tu ya kulia. La pili lina maudhui ya kazi iliyokatika na inayoweza kuungwa. Mama ana jana, maana amewavisha watoto wa mtaa. Ana kesho, maana cherehani italia tena. Msomaji wa kwanza anajiona mkubwa mbele ya mama. Msomaji wa pili anajiona ana deni kwake. Na ikiwa huko mbele mama yule atafanikiwa, ataweza kupita katika mtaa ule kichwa juu, na pengine yeye ndiye atakayechangia fundi mwingine.

Hilo la mwisho si ndoto. Katika Rwanda upo mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, ambao familia maskini hupewa ng'ombe, na ng'ombe akizaa, ndama wa kwanza jike hupewa jirani mwenye kuhitaji. Aliyepokea jana anatoa leo. Mkono wa chini umeinuliwa ukawa mkono wa juu, na hakuna picha ya machozi iwezayo kufanya kazi hiyo.

Itapingwa, na pingamizi ni ya haki: tangazo la kwanza huenda likaleta fedha nyingi zaidi na kwa haraka zaidi, na tumbo lenye njaa halili adabu. Jibu ni hili. Kwanza, pahali penye kifo cha karibu, kama moto au gharika, mtu asichelewe kwa kutafuta maneno mazuri. Aseme kweli upesi na watu watoe upesi. Pili, ombi la chama si la siku moja. Chama huomba mwaka huu na mwaka ujao, na kila kilio kinachopita kiasi hupunguza kitu katika moyo wa msikilizaji, hata siku ya msiba wa kweli akatazama kando. Katika siku hizi simu ya kila mtu inapokea picha za wagonjwa wasiojulikana, na chini yake nambari ya kutumia fedha. Nyingine ni za kweli, nyingine ni za miaka iliyopita, nyingine zimeibwa. Mtu aliyedanganywa mara mbili hufunga mkono kwa mwongo na kwa mkweli pamoja. Kwa hiyo anayetia chumvi katika tangazo anakula akiba ya maskini wa kesho. Tatu, mali ina haki inayojulikana ya mwenye kuomba na ya anayejizuia, kama ilivyo katika Sura ya Al-Maarij. Mwenye haki hapaswi kununua haki yake kwa kuvua stara.

Basi kamati inayotaka kuandika tangazo na ijiulize mambo manne kabla ya kulipeleka kwa watu. Je, mwenye kusimuliwa amesomewa maneno haya akayaridhia, bila ya kuogopa kwamba akikataa atanyimwa? Je, kila neno ni kweli, na sababu ya dhiki imetajwa, au tangazo limeishia katika ukurasa wa kwanza? Je, maneno haya yangeandikwa vivyo hivyo lau mhitaji angekuwa mama wa mwenyekiti? Na je, mwisho wake mtoaji ataelezwa fedha zilikokwenda, ili huruma yake izae imani? Tangazo likipita katika milango hiyo minne, na ligongwe mhuri. Likikwama katika mmoja, na liandikwe upya, maana karatasi ni rahisi kuliko heshima ya mtu.

Liko neno la kumalizia, nalo limo katika historia ya mji huu. Katika mwaka ule wa 1994 walikuwapo Waislamu, Nyamirambo, Biryogo na kwingineko, waliowaficha watu nyumbani mwao na kugawana nao chakula kidogo kilichokuwapo, hali roho zao wenyewe zimo hatarini. Si kila mtu alikuwa hivyo, na ukweli haufichwi. Wako waliopotea kama walivyopotea wengine. Lakini waliohifadhi hawakutangaziwa na bango lolote. Hapakuwa na picha, hapakuwa na wimbo. Picha moja tu ingewaua wote, mwenye nyumba na mgeni wake. Kuokoa na kuficha vilikuwa kitendo kimoja. Stara katika siku zile ilikuwa ndiyo sadaka yenyewe.

Wazee walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na moyo unaotoa ndio huo huo unaopaswa kujua namna ya kufunika. Mji uliojifunza kumficha mtu ili aishi hauwezi kushindwa kumficha mjane ili ale.

Mwenyezi Mungu azitakase nia za watoaji, awatosheleze wenye kujizuia, na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.